Punguzo la Kodi la Muda: Maswali Yenu Kuhusu Bili Isiyotangazwa

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja. Serikali ikitangaza kwamba itashusha kodi kwa miezi kadhaa kisha itairudisha, pengo linazibwa na nini, na nani anabaki na gharama ambazo hazikusomwa siku ya tangazo? Ili hesabu zisipishane, tumetumia mfano mmoja kila inapowezekana: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inashuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kwa miezi sita, na mauzo yanayotozwa kodi ni bilioni 1,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Weka sarafu yoyote unayoitaka.

SWALI: Waziri akisema punguzo "litagharimu bilioni 120", namba hiyo anaipata wapi? Na ndiyo gharama yote? (Mwanafunzi wa uchumi)

JIBU: Anazidisha tu. Bilioni 1,000 za mauzo, mara 2 katika kila 100, mara miezi sita: bilioni 120. Haya ni mapato yaliyoachwa, na hesabu yake inachukulia kwamba watu watanunua vitu vilevile, kwa kiasi kilekile, siku ileile, kana kwamba tangazo halikuwafikia. Kama kadirio la kuanzia, si baya. Ubaya unaanza linapoitwa gharama, kisha likafungwa hapo.

Jambo la kwanza linaloachwa ni tarehe. Mtu anayetaka friji na akasikia mwezi mmoja kabla kwamba kodi itashuka, anasubiri. Punguzo likikaribia kuisha, anayepanga kununua gari miezi miwili baadaye analinunua sasa. Tuseme asilimia 5 ya mauzo ya miezi mitatu ya baada ya punguzo yanavutwa mbele. Hizo ni bilioni 150. Kwa asilimia 16 zingeleta kodi ya 24. Kwa 14 zinaleta 21. Hasara halisi ni 3 tu, na mtu anaweza kusema si kitu. Lakini tazama jinsi vitabu vitakavyosomeka: miezi ya mwisho ya punguzo mapato yanapanda kwa bilioni 21, waziri anasimama kusema sera imefanikiwa, halafu miezi mitatu inayofuata yanashuka kwa 24 na lawama inakwenda kwa uchumi wa dunia. Ukipewa takwimu za kipindi cha punguzo peke yake, umepewa nusu ya daftari. Dai pia robo mwaka iliyofuata.

Ujerumani ilipitia hayo mwaka 2020. Punguzo lilitangazwa mwanzoni mwa Juni, likaanza Julai 1, VAT ikashuka kutoka 19 hadi 16 (na kiwango cha chini kutoka 7 hadi 5), likaisha Desemba 31. Manunuzi ya vitu vya kudumu yalisogezwa ndani ya kipindi hicho. Uingereza, msamaha wa kodi ya kununua nyumba ulioanza Julai 2020 ulipofikia ukomo wake mkubwa mwishoni mwa Juni 2021, mauzo ya nyumba mwezi huo yaliweka rekodi, na Julai yakaporomoka.

Jambo la pili ni imani kwamba punguzo litajilipa lenyewe kwa mauzo kuongezeka. Pima. Ili asilimia 14 ilete kodi ileile iliyoletwa na 16, mauzo yanapaswa kukua kwa 16/14, yaani asilimia 14.3. Bei kwa mlaji, hata mfanyabiashara akimpitishia punguzo lote, inashuka kwa asilimia 1.7. Watu waongeze manunuzi kwa asilimia 14 kwa sababu bei imeshuka chini ya 2? Sehemu fulani ya fedha hurudi, ndiyo, na mchambuzi mwaminifu ataitoa kwenye zile 120. Lakini ni sehemu.

Yaliyobaki nje ya namba ya waziri, yaani riba, marejesho ya kodi kwa wafanyabiashara, wanaogawana mapato na kodi zinazopandishwa upande wa pili, yana majibu yake hapa chini.

SWALI: Pengo likizibwa kwa mkopo, riba ndiyo gharama iliyofichika? Nimeona hesabu inayosema bilioni 100 zitakuwa 220. (Afisa wa benki)

JIBU: Hesabu hiyo ni sahihi, ila inatumiwa vibaya. Hatifungani (karatasi ya deni ambayo serikali huuza ili kukopa) ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 12 italipa bilioni 12 kila mwaka, jumla 120, na mwisho itarudisha zile 100. Lakini bilioni 12 za mwaka wa tisa hazina thamani ya bilioni 12 za leo. Ukizirudisha zote kwenye thamani ya leo kwa kiwango kilekile cha 12, unapata 100. Kwa hiyo kusema "tumepoteza 100 za kodi na juu yake 120 za riba" ni kulihesabu deni moja mara mbili. Chagua moja: ama 100 leo, ama mtiririko wa malipo hadi mwaka wa kumi.

Gharama ambazo kweli zimejificha ziko pembeni mwa riba hiyo.

Ya kwanza ni deni linalorushwa, yaani linalolipwa kwa kukopa upya. Punguzo la miezi sita huonekana jambo la muda mfupi, hivyo Hazina hushawishika kuliziba kwa dhamana za serikali za muda mfupi, za siku 91, 182 au 364. Mapato yakirudi, inasemekana, zitalipwa. Mapato yanarudi, lakini yanarudi kwenye kiwango cha zamani ambacho tayari kilikuwa na matumizi yake. Hakuna ziada ya kulipa deni la pengo. Dhamana zinapoiva zinalipwa kwa dhamana mpya, na kama bilioni 100 zilikopwa kwa 10 na soko sasa linataka 14, kuna bilioni 4 za mwaka ambazo hazikuwa kwenye andiko lolote. Riba nayo ikilipwa kwa kukopa, 100 kwa asilimia 12 zinafika takribani 311 mwaka wa kumi.

Ya pili ni bei ya madeni mengine. Serikali haikopi bilioni 120 za punguzo peke yake. Mwaka huohuo inarusha madeni ya zamani yaliyoiva. Ikiwa ina bilioni 1,000 za kurusha na wingi wa hatifungani sokoni ukapandisha riba kwa robo ya asilimia moja, nyongeza ni bilioni 2.5 kila mwaka kwa muda wote wa madeni hayo. Hakuna mtu atakayeziandika chini ya kichwa "punguzo la kodi". Septemba 2022 Uingereza ilitangaza kushusha kodi bila kuonyesha chanzo cha fedha (mengi ya mapunguzo yale hayakuwa ya muda), na ndani ya siku chache riba ya hatifungani za serikali ikaruka kiasi kwamba Benki Kuu yao ikalazimika kuingia sokoni kununua Septemba 28. Mengi ya matangazo yale yalifutwa. Waliokwisha kuweka saini mikopo ya nyumba kwa riba mpya hawakufutiwa.

Ya tatu unaiona wewe mwenyewe kaunta: benki ikipata asilimia 12 kwa serikali bila wasiwasi, mwenye karakana anayeomba mkopo atapewa kwa 18 au hatapewa kabisa.

Na kama mkopo ni wa fedha za kigeni, usidanganywe na riba ndogo. Asilimia 6 kwa mwaka, sarafu yako ikishuka kwa 5 kwa mwaka, ni 1.06 mara 1.05: umekopa kwa asilimia 11.3.

Angalizo la kalenda pia. VAT ya mwezi hulipwa mwezi unaofuata. Punguzo la Julai hadi Desemba linaonekana kwenye akaunti ya Hazina kuanzia Agosti hadi Januari. Wapangaji wa fedha wanaosahau mwezi huo mmoja hujikuta Januari, kodi imesharudi kwenye vitabu, lakini kinachoingia bado ni cha Desemba. Shimo hilo huzibwa kwa mkopo wa haraka, na mkopo wa haraka haujawahi kuwa wa bei nafuu.

SWALI: Mimi ni muuzaji wa jumla. Nina shehena niliyoinunua kwa VAT ya 16, sasa natakiwa kuiuza kwa 14. Nani anabeba tofauti? (Msambazaji wa vifaa vya ujenzi)

JIBU: Kisheria, Hazina. Kwa fedha taslimu, wewe, mpaka itakapokurudishia.

Chukua mzigo ulionunua kwa milioni 580 bila kodi. Kodi ya manunuzi ni milioni 92.8. Unauza kwa 600, kodi ya mauzo kwa asilimia 14 ni 84. Kwa mzigo huo unadai milioni 8.8. Kwa kiwango cha zamani ungekusanya 96 na kulipa 3.2. Mpaka kati ya kudai na kudaiwa ni rahisi kuukumbuka: faida yako juu ya bei ya ununuzi ikiwa chini ya asilimia 14.3, shehena ya zamani itakugeuza kuwa mdai wa serikali. Wauzaji wengi wa jumla wako chini ya hapo.

Hapo ndipo gharama moja kubwa ya punguzo hujificha. Madai ya marejesho yanapanda katika mwezi uleule ambao makusanyo yanashuka, na mamlaka ya kodi iliyobanwa fedha hupunguza kasi ya kulipa. Kwenye taarifa ya bajeti, makusanyo yanaonekana hayakuanguka sana. Sababu ni kwamba wafanyabiashara wameikopesha serikali bila riba na bila hiari. Ukitaka kujua punguzo limegharamiwa vipi hasa, tazama limbikizo la marejesho yasiyolipwa kabla na baada yake, ikiwa limechapishwa.

Cha kufanya: hesabu shehena usiku wa siku ya mwisho ya kiwango cha zamani, tenga ankara za manunuzi za kiwango hicho kwenye faili lake, na kama sheria yako inaruhusu kubeba salio mbele au kudai fedha, pima upi ni wa haraka. Biashara yenye mauzo ya kasi mara nyingi hunufaika zaidi kubeba mbele, kwa sababu dai la fedha huita ukaguzi.

Kosa tunaloliona kwenye ankara ni hili: mteja anarudisha bidhaa iliyouzwa kabla ya punguzo, na karani anatoa hati ya kupunguza ankara kwa asilimia 14 kwa kuwa ndicho kiwango kilichomo kwenye mashine siku hiyo. Hati hiyo inafuata kiwango cha ankara ya awali, 16. Mashine nyingi za risiti zinahitaji kubaki na viwango vyote viwili, kimoja kwa mauzo mapya na kingine kwa marekebisho ya ya zamani. Fundi akifuta kiwango cha zamani "ili kusafisha", utalia wakati wa ukaguzi.

Ushuru wa bidhaa una tabia nyingine. Kwa mafuta, kwa kawaida unatozwa yanapotoka ghala la ushuru, si kwenye pampu. Ujerumani iliposhusha kodi ya mafuta kwa Juni, Julai na Agosti 2022, mafuta yaliyokuwa tayari kwenye matangi ya vituo Juni 1 yalikuwa yameshatozwa kiwango cha juu. Mwisho wa Agosti ikawa kinyume: tangi lililojazwa siku ya mwisho liliuzwa Septemba likiwa na ushuru mdogo ndani yake. Hiyo ni zawadi kwa mwenye tangi kubwa, na imelipwa na Hazina.

SWALI: Kodi imeshuka kwa asilimia 2, bei dukani haijashuka kwa 2. Tunaibiwa? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Kwanza, haikupaswa kushuka kwa 2. Bei yenye kodi ilikuwa 116 na inakuwa 114. Ukigawanya, punguzo kamili ni asilimia 1.72. Kanuni hiyohiyo kwa Ujerumani (119 hadi 116) inatoa 2.52, na kwa Uingereza ya Desemba 2008 (117.5 hadi 115) inatoa 2.13. Ukitaka kukagua risiti yako, gawanya bei ya zamani kwa 1.16, zidisha kwa 1.14. Kilicho juu ya hapo kimebaki kwa muuzaji, au kimemezwa na bei mpya ya kiwandani, na risiti peke yake haiwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo viwili.

Je, hubaki kwa muuzaji? Mara nyingi, kwa sehemu. Mfano uliochunguzwa kwa makini ni wa vinyozi na saluni za Finland. VAT yao ilishushwa kutoka 22 hadi 8 Januari 2007 kama majaribio, ikarudishwa kwenye kiwango cha kawaida Januari 2012. Watafiti waliofuatilia bei walikuta kwamba kodi ilipopanda, bei ziliitikia karibu mara mbili ya zilivyoitikia ilipokuwa ikishuka. Kodi ikarudi karibu na ilikotoka. Bei zikarudi juu zaidi ya zilikotoka.

Hili ni la kuliwekea mstari. Punguzo la muda lina safari mbili, ya kushuka na ya kupanda, na mlaji hupata kidogo katika ya kwanza na hulipa kikamilifu katika ya pili. Kila biashara inapobadilisha bei inatumia fedha kwa lebo, programu na muda wa wahasibu, na inafanya hivyo mara mbili ndani ya miezi sita. Duka dogo lenye bei za mviringo mara nyingi haligusi lebo kabisa: bidhaa ya 100 inabaki 100, tofauti inakwenda kwenye faida. Hatuoni hilo kuwa wizi. Sera iliyotegemea kwamba kila mwenye duka atabadilisha lebo elfu mbili kwa ajili ya asilimia 1.7 ndiyo iliyokosea hesabu.

SWALI: Serikali ikipunguza makato yanayokwenda kwenye mfuko wa pensheni, pensheni yangu itapungua? Na serikali za mitaa je? (Mtumishi wa umma)

JIBU: Inategemea maneno yaliyoandikwa kwenye sheria, kwa hiyo yasome. Marekani ilipunguza makato ya wafanyakazi kwa mfuko wa hifadhi ya jamii kutoka asilimia 6.2 ya mshahara hadi 4.2 kwa mwaka 2011 na 2012. Sheria iliamuru Hazina iufidie mfuko kutoka mapato ya jumla, na mafao hayakuguswa. Mfuko ulibaki mzima. Fidia, hata hivyo, ilitoka kwa serikali iliyokuwa na nakisi (matumizi yaliyozidi mapato), maana yake ilikopwa. Gharama ilihamishwa kutoka daftari moja kwenda jingine, na wafanyakazi wataigusa wakiwa walipakodi badala ya wachangiaji.

Kama sheria haitaji fidia, mfuko unapoteza mara mbili: mchango wa mwezi, na faida ambayo mchango huo ungezaa. Milioni 1 isiyowekezwa leo kwa asilimia 8 ni milioni 4.66 zinazokosekana baada ya miaka 20.

Kwa serikali za mitaa, tafuta neno "mgao". Mgao ukiwa asilimia fulani ya makusanyo ya mwaka uliopita, athari ya punguzo inachelewa na kuwafika wakati kodi imesharudi na kila mtu ameshasahau. Zahanati inakosa fedha mwaka ambao bajeti ya taifa inasifiwa kwa kupanda kwa mapato. Ukiwa ni kiasi kilichotajwa kwa fedha, wako salama kwa mwaka huo. Aliyeamua na anayelipa mara nyingi si ofisi moja, na ndiyo sababu uamuzi huwa mwepesi.

SWALI: Kwa nini tusikope kabisa? Serikali ikate matumizi, au iuze kitu. (Mhandisi mstaafu)

JIBU: Inawezekana, na wakati mwingine ni bora. Ila kila njia ina mkia wake.

Kukata matumizi kwa miezi sita ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu mishahara, pensheni na riba hazikatwi katikati ya mwaka. Kinachobaki ni miradi. Mkataba wa barabara ukisimamishwa, mkandarasi anaendelea kudai gharama za mitambo iliyosimama, na malipo yaliyochelewa hubeba riba kwa mujibu wa mkataba. Udongo uliochimbwa na kuachwa mvua ikapita huchimbwa upya. Mhandisi hahitaji kuelezwa zaidi.

Njia mbaya kuliko zote haina jina kwenye bajeti: kutolipa wazabuni. Hakuna hatifungani inayotolewa, nakisi haionekani kwa hesabu za fedha taslimu, na aliyeuza madawati au dawa anasubiri mwaka. Katika mifumo ambayo VAT inadaiwa pale ankara inapotolewa, mzabuni huyo ameshailipa serikali kodi ya mauzo ambayo serikali hiyohiyo haijamlipa. Halafu anapandisha bei kwenye zabuni inayofuata ili kujifidia.

Kuuza hisa za shirika la umma: gharama yake ni gawio usilolipata tena. Hisa za bilioni 100 zinazoleta gawio la bilioni 9 kwa mwaka ni mkopo wa asilimia 9 usio na siku ya mwisho. Kutumia akiba ya taifa ni afadhali, mradi kuwe na ratiba ya kuirudisha; akiba haina riba unayolipa, ina riba usiyopata.

Kisha kuna kupandisha kodi nyingine kimyakimya. Uingereza iliposhusha VAT Desemba 2008, karibu wakati huohuo ilipandisha ushuru wa pombe, tumbaku na mafuta. VAT ilirudi 17.5 Januari 1, 2010. Nyongeza za ushuru hazikurudishwa chini. Kenya, mwaka 2020, ilishusha VAT kutoka 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1, na sheria ya marekebisho ya kodi iliyopitishwa mwezi huo ilifuta misamaha kadhaa na kuhamisha baadhi ya bidhaa kutoka kiwango cha sifuri kwenda kwenye orodha ya zilizosamehewa. VAT ilirudi 16 Januari 1, 2021. Mtu asiye mhasibu huona "kiwango cha sifuri" na "kusamehewa" ni kitu kimoja. Sivyo kabisa: muuzaji wa bidhaa ya kiwango cha sifuri hudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake, wa bidhaa iliyosamehewa hadai, hivyo kodi hiyo anaifukia kwenye bei. Risiti inaonyesha kodi 0, mlaji analipa.

SWALI: Mbona "ya muda" huwa haiishi? (Mwandishi wa habari)

JIBU: Huisha mara nyingine. Za Ujerumani zote mbili tulizozitaja ziliisha siku iliyosemwa. Lakini Machi 2022 Uingereza ilipunguza ushuru wa mafuta kwa peni 5 kwa lita kwa miezi 12. Mwaka uliofuata ikaongeza muda, na uliofuata tena. Marekani ilishusha kodi za mapato mwaka 2001 na 2003, nyingi zikiwa na ukomo wa mwisho wa 2010, ikaziongezea miaka miwili, na sheria iliyopitishwa mwanzoni mwa Januari 2013 ikafanya nyingi ziwe za kudumu.

Sababu haiko kwenye tabia ya wanasiasa tu, iko kwenye ufundi wa kuhesabu. Gharama ya sheria ya kodi Marekani inapimwa kwa dirisha la miaka 10 ijayo, na kanuni za Seneti zinazuia aina fulani ya muswada kuongeza nakisi nje ya dirisha hilo. Ukiweka ukomo, gharama iliyoandikwa inakuwa ndogo. Siku ya ukomo ikifika, kuacha punguzo life kunaitwa "kupandisha kodi". Jedwali la bajeti lilikuwa limejengwa juu ya dhana kwamba kodi itarudi, na madeni yalikopwa kwa dhana hiyohiyo.

Kwa kazi yako, uliza mambo matatu kabla ya kuandika. Tarehe ya mwisho iko ndani ya sheria yenyewe, au kwenye hotuba tu? Inajifunga yenyewe au inahitaji tangazo jingine? Na makadirio ya miaka mitatu ijayo yanachukulia kodi imerudi? Ukikuta hotuba inasema miezi sita na jedwali la mwaka wa pili bado lina mapato ya kiwango cha chini, una habari. Chunguza vilevile vipande: Kenya, Januari 2021, kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kilirudi kutoka 25 hadi 30, lakini nafuu binafsi (kiasi kinachotolewa kwenye kodi ya kila mfanyakazi) ya shilingi 2,400 kwa mwezi iliyokuja na kifurushi kilekile ilibaki. Kifurushi kimoja, sehemu ya muda na sehemu ya kudumu.

SWALI: Bora kupunguza VAT au kodi ya mshahara, kama ni ya muda? (Msomaji)

JIBU: Kwa kuchochea manunuzi ya haraka, VAT, kwa kuwa inampa mtu sababu ya kununua kabla ya tarehe fulani. Mshahara ukiongezeka kwa miezi sita na mwenye mshahara anajua utashuka tena, wengi huweka akiba au hulipa madeni. Hilo si baya kwake, ila serikali imekopa ili yeye apunguze deni lake. Kwa kumsaidia asiye na kitu, zote mbili ni njia za kuzunguka: asiye na mshahara hapati punguzo la mshahara, na VAT huwapa zaidi wanaonunua zaidi.

SWALI: Mteja amelipa amana ya asilimia 40 Desemba, punguzo likiwa bado lipo. Bidhaa anachukua Januari, kodi ikiwa imerudi 16. Natoza ipi? (Muuza samani)

JIBU: Katika sheria nyingi za VAT, kodi inazaliwa pale litakapotangulia moja kati ya matatu: malipo, ankara au kukabidhi bidhaa. Amana ni malipo, hivyo ile 40 inabeba 14 na salio la 60 linabeba 16. Kwa samani ya 1,000 bila kodi: 56 kwenye amana na 96 kwenye salio, jumla 152. Toa risiti ya kodi siku ya amana. Usipoitoa, mkaguzi atakuwa na haki ya kutaka 160.

Lakini angalia kama sheria ya punguzo imeweka kifungu cha mpito. Ujerumani, kwa mfano, hutazama siku bidhaa ilipokabidhiwa, na amana iliyotozwa kiwango cha chini inarekebishwa kwenye ankara ya mwisho. Chini ya kanuni hiyo samani yako ingetozwa 160 yote, na zile 8 zaidi utazifuata kwa mteja aliyekwisha kuambiwa bei. Kwa hiyo andika kwenye oda, kabla hajasaini, kwamba bei haijajumuisha VAT na kwamba kiwango ni kile kitakachotumika kisheria. Na mteja akitaka kulipia yote Desemba kwa bidhaa ambayo hata mbao zake hazijanunuliwa, pokea ukijua kwamba baadhi ya nchi zina vifungu dhidi ya malipo ya mapema yaliyopangwa kukwepa kiwango kipya, hasa mnunuzi akiwa ndugu au kampuni mshirika.